Kofia ya Baba na Kichwa cha Jumatatu

Mimi ni mtu wa kushuku, nakwambia mapema ili usije ukasema nilikuficha. Mume wangu alipofika nyumbani na funguo za lile gari la kulala, gari refu jeupe lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, jambo la kwanza nililofanya ni kupanda na kunusa mito. Mwanamume anayelalamikia petroli ya kwenda Newtown tu, hapa hapa mjini, leo akodi nyumba yenye magurudumu kwa siku tatu? Nikamwuliza ni nani aliyempa wazo hilo. Akacheka mpaka akashika mlango. Mtoto wetu wa kike alikuwa ameshajitupa kitandani na viatu.

Tulikuwa tuelekee milimani. Hatukufika hata nje ya Johannesburg. Unaijua mvua ya huku: inanguruma saa kumi jioni, inapiga nusu saa, inakwenda zake. Hii ilianza alfajiri na haikuonyesha dalili ya kuondoka. Marobot yote ya ile barabara ya mashariki, yaani taa za magari, yalikuwa yamezimika, magari yamejipanga, madereva wanapigiana honi kama vile honi hukausha lami. Waipa moja ya gari letu ilikuwa inakwama katikati ya kioo. Eish, nikasema, si nilijua? Hapo mume wangu akaona kibao cha kahawia kando ya barabara: kiwanda cha baruti cha wakati wa vita, wageni karibuni.

Yeye ni Mkongomani wa Lubumbashi. Baba yake alifanya kazi kwenye matanuri ya shaba, kwa hiyo akiona bomba la moshi tu, hata kama halitoi moshi tena, macho yanamng'aa. "Tuingie pale, mama watoto," akasema. "Kuko paa. Mvua itatukuta tunajifunza kitu." Nikaingia shingo upande.

Aliyetupokea alikuwa mama mmoja wa umri wa bibi, amevaa koti la plastiki la njano na mabuti ya mpira, anatembea kwenye madimbwi bila kuyakwepa. Alisema alifanya kazi pale miaka mingi kabla ya kuanza kuwatembeza wageni. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hunijibu kwa Kizulu, alimwita Gogo, yaani bibi, papo hapo na kumshika mkono, na mimi nikafuata nyuma na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja.

Tuliona mabanda ya mbao, mafupi, kila moja limezungushiwa tuta la udongo refu kuliko paa, ili moja likilipuka lisiondoke na mengine. Wakati wa vita kuu, akasema, walijazwa wanawake humu kujaza baruti kwenye makombora ya askari. Vita vilipokwisha kiwanda kikaendelea na baruti za migodini, na upande wa pili wa lango lile lile wakatengeneza mbolea. Mlangoni unavua viatu vyako unavaa vya kiwanda, visivyo na msumari hata mmoja. Unatoa pete, pini za nywele, kiberiti. Unapekuliwa ukiingia, unapekuliwa ukitoka. Mtu wa mashine alikalia kigoda cha mguu mmoja, akisinzia tu anaanguka, na kila mmoja aliambiwa amwangalie mwenzake. Nikasema moyoni, hapa pananifaa.

Ila lile neno mbolea lilikuwa limeshanigusa. Baba yangu alikuwa akituambia anafanya kazi kiwanda cha mbolea, mashariki ya mji.

Tukaingia chumba cha mwisho, penye makabati ya vioo. Ndani ya moja kulikuwa na kofia ya mfanyakazi, ya kitambaa, imegeuzwa ndani nje. Kwenye utepe wa jasho palishonwa kipande cha tambara, kidogo kama kucha mbili za gumba, kwa uzi mweusi, mishono mikubwa mikubwa. Mama yangu alidai talaka kwa sababu ya kitambaa kama kile. Na aliyekiona kwanza akakimbia kwenda kusema, nikiwa na miaka tisa, ni mimi.

Ngoja nikupeleke mtaa wa Bertrams, humu humu Johannesburg, siku zile.

Tulipanga chumba cha nyuma kwenye nyumba ya bati, karibu na uwanja wa mpira kiasi kwamba bao likifungwa vikombe vyetu vilikuwa vinajua kabla ya redio. Jiko la mafuta ya taa, godoro langu nyuma ya pazia, na asubuhi za Jumamosi kazi yangu ilikuwa kuchambua mchele kwenye ungo huku mama akishona kofia dirishani. Mama alikuwa fundi wa kofia. Ufundi huo aliuleta kutoka Tanga: anatoboa kijishimo, anakizungushia uzi, anakwenda kingine, mamia kwa mamia, mpaka maua yanatokea kwenye kitambaa cheupe. Katikati ya wiki alizipeleka Marshalltown, katikati ya mji, akatandika khanga na kofia zake kwenye njia ya waendao ofisini. Lakini ya kwanza kabisa alimshonea baba kabla hawajaoana, kama msichana wa kwao alivyotakiwa kumshonea mchumba wake, na hiyo baba aliivaa Ijumaa na siku za mapumziko, hakuvaa nyingine. Mama alikuwa anaijua ile kofia kama mtu anavyoujua uso wa mwanawe.

Baba alikuwa mtu mpole, wa maneno machache. Alitoka gizani, akarudi jua likizama, na hakuna aliyewahi kumsikia akisimulia kazi yake. Mbolea, basi. Ila kila Jumatatu alirudi mgonjwa. Alilala chali na kitambaa chenye maji usoni, hataki taa, hataki maneno, mishipa ya kichwa imemsimama. Jumanne kidogo ahueni, Jumatano mzima. Jumatatu inayofuata, yale yale. Mama akawa anahesabu. Kichwa gani kinachojua kalenda? Jirani yetu wa chumba cha mbele, naye mtu wa Tanga, mwanamke aliyekuwa na jibu la kila swali, akamwambia, "Shoga yangu, kichwa cha Jumatatu ni cha mambo ya Jumapili. Huyo analewa."

Kisha, ghafla, kichwa kikaacha. Badala ya kushukuru, mama akazidi kushuku, kwa sababu kitu kingine kilianza siku hizo hizo. Baba hakuvua kofia tena. Akitoka kazini Ijumaa anaivaa, anakula nayo, anasikiliza mpira nayo, analala nayo mpaka Jumatatu alfajiri. Mama akimwomba aifue, anasema ataifua mwenyewe. Na ilianza kunukia. Harufu tamu, nzito, ya ndizi zilizopitiliza, isiyofanana na mafuta ya nywele wala sabuni yoyote ya nyumbani kwetu. Nilimwona mama akiinusa shuka aliyolalia baba, mara mbili, halafu anaikunja taratibu sana.

Nami nilikuwa mtoto wa kusikiliza milangoni. Sikuambiwa kitu, lakini nilijua kwamba mama anatafuta kitu, na nilitaka niwe mimi wa kukiona.

Jumamosi moja baba alikwenda kuoga kwenye bafu la uani, na kofia akaiacha juu ya kiti chini ya taulo. Nikaivaa, nikajitazama kiooni, nikajifanya sheikh. Vidole vyangu vikagusa uvimbe kwenye ukanda, mahali panapokaa paji la uso. Nikaipapasa. Kulikuwa na kitu kimeshonewa ndani. Furaha niliyoipata, sijui nikueleze vipi. Nilitoka mbio.

Mama aliigeuza kofia kwenye mwanga wa dirisha. Aliutazama ule uzi mweusi muda mrefu. "Huu mshono si wangu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Jirani alikuwa ameketi pale pale anakunywa chai yetu, akaichukua kofia, akanusa, akafumba macho. "Manukato ya mwanamke haya," akasema. "Na hii ni hirizi. Mwenzangu, hapa kuna mkono wa mtu."

Wakaifumua kwa wembe. Ndani kilitoka kitambaa cha rangi ya chai, kina mafuta mafuta. Wakakishika, wakakinusa, wakakivuta huku na huku kutafuta maandishi. Hawakuona maandishi. Haikupita robo saa, vichwa vikaanza kutugonga sote watatu. Mimi nilikaa sakafuni nikashika masikio. Mama alikwenda kutapika. Jirani, macho mekundu, akasema kwa furaha kabisa, "Mnaona? Kinapigana! Hakitaki kutolewa!"

Akaagiza chetezo. Mkaa ukawashwa, ubani ukatiwa, na yeye mwenyewe, bismillahi mdomoni, akakishika kile kitambaa kwa koleo akakitupa kwenye makaa. Wallahi sikudanganyi, kiliruka moto mweupe, fuu, mara moja, ukapanda mpaka usoni mwake ukamla nyusi zote mbili. Baada ya hapo ungemletea mama kadhi wa dunia nzima asingemsikiliza.

Baba alitoka bafuni akatukuta hivyo: moshi, kofia imefumuliwa, mke wake analia, jirani hana nyusi. Nimeukumbuka uso wake miaka yote, na miaka yote niliusoma vibaya. Haukuwa na hasira. Ulikuwa na woga. Aliangalia dirisha, akafunga mlango, akauliza kwa kunong'ona, "Nani mwingine ameona?"

Sasa niambie, mtu asiye na kosa huuliza hivyo?

"Ni cha nani?" mama akamwuliza.

"Ni mambo ya kazini. Niamini, mama watoto."

"Kazi gani inayoshonewa kwenye kofia niliyokushonea mimi?"

Baba akafungua mdomo. Kisha akamtazama jirani, akaufunga. Mama alingoja. Nadhani nami nilingoja. Hakusema kitu, siku ile wala siku zilizofuata, na jirani aliendelea kuja kunywa chai kila siku kuhakikisha kwamba mama hapoi. Haukwisha mwezi, mama akadai talaka yake akapewa. Baba alirudi Tanga na begi moja. Baada ya miaka miwili tukasikia ameoa, na mama akapiga makofi mawili ya uchungu: "Si nilisema? Alikuwa anangojwa huko."

Mimi nilisifiwa. Hilo ndilo linaloniuma. Jirani alininunulia vitumbua, akaniambia mbele za watu kwamba mtoto huyu ana macho. Nikaishika sifa hiyo nikakua nayo. Nimepekua mifuko, nimepekua simu, nimenusa makoti ya mwanamume mwema kwa miaka kumi na miwili, nikiamini kwamba nina macho. Baba alifariki mwaka juzi. Nilimtumia salamu mara chache maishani, na zote zilikuwa za baridi. Habari za msiba zilipotufikia, mama alisema maneno yanayotakiwa kusemwa, akaendelea kushona.

Basi nilisimama mbele ya kile kioo, maji ya mvua yananitiririka kwenye viatu, nikamwuliza yule mama kile kitambaa ni cha nini.

Alieleza kama mtu anavyoeleza mapishi. Ile dawa ya baruti, akasema, hunukia kama ndizi zilizoiva mno, hupita kwenye ngozi, hupita puani, na hukamata kichwa. Ukishinda nayo kila siku mwili unaizoea. Ukipumzika Jumamosi na Jumapili mwili unasahau, Jumatatu unaanza upya, na kichwa cha Jumatatu ukikipata utatamani kukatwa. Kwa hiyo watu wa zamani, tangu wanawake wa wakati wa vita, walikuwa na ujanja wao. Unachukua kipande cha tambara la kupangusia meza, unakishonea kwenye kofia au kwenye kilemba, unakaa nacho mapumziko yote. Mwili hausahau. Walinzi walijua, kila mmoja akajifanya hajui. "Lakini ole wako ukionekana nacho huko nje," akasema. "Miaka ile? Baruti kichwani? Polisi wasingekuuliza swali la pili. Na kama wewe ni mgeni huna karatasi, ndiyo kabisa. Hatukuwaambia hata watoto wetu. Tulisema tunatengeneza mbolea."

Nikamwuliza kama alimjua Mtanzania mmoja mpole, wa maneno machache. Akanitazama kwa huruma. Walikuwa maelfu, akasema, na waliotoka mbali walitumia majina ya watu wengine.

"Na nani aliyekuwa akishona?" nikauliza.

"Wanaume walijua kushona?" Akacheka. "Tuliwashonea sisi, saa ya chakula. Uzi wa magunia, mweusi, ulikuwa mwingi."

Hata pale, mbele ya ukweli wote, nilimtupia yule bibi jicho la pembeni nikatazama vidole vyake. Ndivyo nilivyo, nifanyeje?

Tulirudi kwenye gari. Mume wangu akawasha lile jiko dogo, akachemsha chai ya tangawizi, akaniletea na taulo. "Juu ya nini unalia, mama watoto? Nani amekufanya mubaya?" Nikamsimulia yote, na mvua inapiga bati juu yetu kwa sauti ile ile ya Bertrams, na sikuwa nimewahi kumsimulia hata nusu yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sasa pigia mama simu." Nikasema siwezi. Akasema, "Utakaa nayo peke yako? Utaigeuza uchungu mwingine."

Nilichelewa saa nzima. Niliangalia yale matuta dirishani, nyasi zimeyafunika, mabanda mengine yamelala chini. Nilifikiri jinsi vitu vinavyoondoka bila kuaga. Ile nyumba ya bati ilivunjwa zamani. Jirani alihama, hakuna ajuaye yu wapi, labda nyusi ziliota. Baruti ya namna ile, bibi alisema, haitengenezwi tena, na maradhi ya Jumatatu yameondoka nayo, kwa hiyo hakuna daktari kijana atakayekutana nayo wala mke atakayeyashuku. Na baba amelala Tanga, siwezi tena kumwomba radhi, na wa kuambiwa amebaki mmoja tu, mama, mzee sasa, peke yake katika fleti yenye dirisha linalotazama kusini. Nikimwambia, nitakuwa nimemvunjia nyumba mara ya pili. Nisipomwambia, baba atabaki mchafu mpaka Kiyama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo? Huyo mumeo amefanya nini?"

Nikamwambia. Nilianza na kioo, nikaenda kwenye tambara, kwenye kichwa, kwenye polisi. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema, "Na huyo anayesema hivyo, unamjua? Si analipwa na hao hao wenye kiwanda? Mtu akilipwa atasema hata bahari ni uji."

"Mama, kitambaa nimekiona kwa macho yangu."

"Macho yako," akasema.

Nikasikia sindano ikiwekwa kwenye kisahani.

"Kwa hiyo kile kichwa kilikuwa kinamuuma kweli," akasema.

"Kilimuuma kweli, mama."

"Nilikuwa nagonga masufuria makusudi. Akilala tu, naanza kuosha vyombo. Vyombo visafi, naviosha tena. Nikisema, si analewa? Ajue."

Sikuwahi kujua hilo. Nilimsikia akivuta pumzi, na nilijua swali linalokuja, kwa sababu mimi ni mwanawe na ningeliuliza mimi pia.

"Na aliyeshona ni nani?"

Mume wangu alinitazama kutoka upande wa pili wa meza. Ningeweza kusema alishona mwenyewe. Lilikuwa jibu jepesi na lingempa usingizi. Lakini katika nyumba yetu watu walikuwa wamefichana vya kutosha.

"Mwanamke, mama. Wanawake wa kazini. Waliwashonea wanaume wote, saa ya chakula."

Hakulia. Nilingoja alie, nilingoja aseme si nilisema. Mvua ilikuwa imepungua, na nilisikia vizuri kabisa alipoongea, taratibu, kama anayezungumza na mtu mwingine aliyeketi naye chumbani.

"Angeniletea mimi," akasema. "Ningemshonea. Pasingeonekana hata mshono mmoja."